Swali la Dada Yangu Kuhusu Vijidudu Viwili

Dada yangu alifika kwangu Uriri asubuhi ya Jumamosi moja ya Februari, akiwa na mfuko mmoja wa nguo na kikohozi. Kikohozi nilikisikia kabla sijamwona. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikianika nguo, nikasikia mtu anakohoa langoni, akanyamaza, akakohoa tena, kisha kikafuata kimya kirefu cha mtu anayeitafuta pumzi. Nilipozunguka ukuta nilimkuta amekalia jiwe, leso imemwanguka begani. Mifupa ya shingo yake ilikuwa imetokeza hivi kwamba nilitazama chini.

"Mwalimu," akasema, "nipe maji."

Ameniita mwalimu tangu nikiwa darasa la nne, wakati ualimu ulikuwa ndoto yake kuliko yangu. Mama yetu alifariki tukiwa Kendu Bay, dada akiwa kidato cha pili na mimi bado shule ya msingi. Aliacha shule wiki ileile. Alianza kuanika omena, dagaa wa ziwani, na kuziuza sokoni, akanilea na kunisomesha. Daftari lake la biolojia alinipa mimi. Mwandiko wake ulifika katikati tu, kurasa zilizobaki zilikuwa tupu, nami nilipofika sekondari nilizijaza. Leo nafundisha biolojia katika shule moja ya kutwa hapa Uriri, na huu ni mwaka wangu wa kumi.

Yeye aliolewa upande wa Migori. Mumewe alipofariki alikwenda Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, kuponda mawe. Kule wanaume huteremka shimoni, wanawake wengi huketi juu na nyundo, wakipasua mawe yawe changarawe kabla hayajapelekwa mashineni kusagwa. Kutwa nzima ni vumbi. Mmoja wao akikupungia mkono jua likiwa nyuma yake, unaona vumbi likimtoka kama moshi.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo mimi na yeye tulilijua. Baada ya mazishi ya mumewe alikwenda kupimwa, akakutwa na virusi vya ukimwi. Aliniambia mwenyewe, bila machozi, tukiwa tunachambua mchele. Akaanza dawa, na kwa miaka kadhaa alikuwa na afya kunizidi mimi.

"Hicho kikohozi kina muda gani?" nilimuuliza alipomaliza maji.

"Tangu kabla ya Krismasi."

"Umetumia nini?"

"Rangi mbili. Nimemeza mara tatu sasa. Siku mbili, tatu, napata nafuu kidogo, kisha kinarudi."

Rangi mbili ni vile vidonge vya antibiotiki ambavyo kila mtu huku anavijua kwa rangi, wala si kwa jina. Mtoto akipiga chafya, rangi mbili. Mtu akikwaruzwa na waya, rangi mbili. Nilitaka kumkaripia, nikakumbuka kwamba hata mimi nilikuwa nimemeza mbili mwezi uliopita kwa ajili ya mafua, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya kidato cha pili nikiandika ubaoni kwamba antibiotiki haziui virusi.

Nilimpa chumba cha wageni, nikafungua madirisha yote mawili. Hilo lilikuwa jambo jema. La pili halikuwa jema. Nilichukua kikombe kimoja cha bati, cha buluu, nikakitenga kiwe chake. Nilikuwa nimeshuku kifua kikuu, na najua kinaenda kwa hewa, hakiendi kwa vikombe. Nimelifundisha hilo. Lakini mkono wangu ulikitenga kikombe kabla akili haijafika. Dada alikiona, akakitumia hivyo hivyo.

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni, tukaenda hospitali. Tabibu aliyetupokea alikuwa mama mmoja Mkuria, mnene, mwenye sauti ya chini, aliyezungumza nasi kwa Kiswahili. Alimpa dada barakoa na kikopo kidogo, akamwambia atoke nje uani, avute pumzi ndefu, akohoe kutoka chini kabisa ya kifua. "Mate siyataki," alisema. "Nataka makohozi." Dada alisimama kando ya uzio akanipa mgongo. Aliinama mara tatu. Aliporudi alikishika kile kikopo kwa mikono yote miwili kana kwamba kingevunjika.

Majibu yalitoka siku iliyofuata. Ilikuwa TB, kifua kikuu.

Nilidhani dada angelia. Badala yake aliuliza, "Inapona?"

"Inapona kabisa," tabibu akasema. "Miezi sita. Miwili ya kwanza dawa nne zilizounganishwa, minne inayofuata dawa mbili. Kila siku, bila kuruka hata moja. Mkojo utageuka rangi ya machungwa, usishtuke. Na kwa sababu unatumia dawa za virusi pia, hii moja utaimeza asubuhi na jioni badala ya mara moja, kwa kuwa dawa za TB huipunguza nguvu mwilini. Ukimaliza TB utarudi kwenye mara moja."

"Na nikimaliza hiyo miezi sita?"

"Umemaliza."

Dada aliitikia kwa kichwa polepole, akalirudia lile neno kwa Kijaluo, kana kwamba anajiambia mwenyewe kwamba ametumwa safari, na safari yenyewe ina mwisho. Mimi nilipimwa pia, nikakutwa salama. Tulirudi nyumbani na mifuko miwili ya dawa.

Jioni ya siku hiyo nilikichukua kile kikombe cha buluu nikakirudisha kabatini na vingine, mbele yake. Aliniangalia nikifanya hivyo.

"Umemaliza kuniogopa?" akauliza.

"Nimejionea aibu," nikasema.

"Haya. Nipe chai basi. Kwenye chochote."

Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Dawa zilimkata hamu ya kula, viungo vilimuuma. Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni nilikaa naye akimeza, kisha nikaweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Kufikia katikati ya Machi alianza kuomba chakula mwenyewe. Aliomba ugali wa mtama na samaki, akaomba mala, yale maziwa mgando, akaanza kufagia ua bila kupumzika katikati. Mwishoni mwa mwezi wa pili wa dawa tulirudi hospitali, makohozi yakapimwa tena, na wadudu hawakuonekana. Tabibu aliandika kwenye kadi, akatabasamu. Mimi ndiye niliyelia, pale pale kwenye benchi, mbele za watu.

Hapo ndipo nilipolegea. Kwa kuwa alikuwa na nguvu, nikaacha kukaa naye akimeza. Kalenda nikamwachia aijaze mwenyewe.

Shule zilipofungwa Aprili tulikwenda Kendu Bay kumwona mama mdogo, ndugu wa mama yetu wa kufuatana naye, ambaye bado analima nyuma ya mji, juu kidogo kutoka ziwani. Nilikuwa nikitoa vitu vya dada kwenye begi, nikitafuta sabuni, mkono wangu ukagusa kopo la dawa za virusi. Lilikuwa zito. Nililifungua. Lilikuwa limejaa karibu hadi mdomoni, na tulilichukua hospitalini karibu wiki nne zilizopita. Pakiti za TB, kwa upande wake, zilikuwa zimepungua sawasawa, dozi moja kwa siku.

Nilimfuata nyuma ya ghala, alikokuwa akipepeta maharagwe.

"Hizi umeacha lini?"

Alitazama kopo, akaendelea kupepeta. "Tangu tuliporudi na yale majibu mazuri."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimechoka kumeza kitu kisicho na mwisho."

"Dada, unataka kufa?"

Akaweka ungo chini. Nitayaandika maneno yake kwa Kiswahili, ingawa tulizungumza Kijaluo, na katika Kijaluo neno ni moja tu: kute. Mdudu wa kifua ni kute. Mdudu wa ukimwi ni kute. Hata Kiswahili cha sokoni hakitusaidii sana, maana vyote ni vijidudu.

"Sikiliza, mwalimu," alisema. "Hiki cha kifua kilitaka kuniua, na wewe ulikiona. Nimepewa dawa miezi sita, na tayari hakionekani. Hiki kingine nimekimezea dawa miaka na miaka, hakijawahi kunilaza hata siku moja, na bado naambiwa meza mpaka uingie kaburini. Vyote ni vijidudu. Kimoja kina mwisho, kingine hakina. Ama hao madaktari hawajui wanalolifanya, ama kuna kitu wanatuficha. Wewe umesoma. Niambie ni ipi."

Nilifungua mdomo nikaanza. Nilisema bakteria ni seli kamili, ana ukuta, ana utando, anakula, anapumua, anajigawa mwenyewe. Nilisema kirusi si seli, ni chembe za urithi ndani ya ganda la protini, hakikui wala kuzaana nje ya seli ya kiumbe kingine. Nilisema bakteria anaonekana kwa darubini yetu ya shule, kirusi hakionekani kwa sababu ya udogo wake. Nilisema antibiotiki huua bakteria tu, haziui virusi kama vya mafua. Nilitaja asidi. Nilitaja vimeng'enya. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, ndiyo ile ya darasani, na maneno mengi yakinitoka kwa Kiingereza.

Alinisubiri nimalize.

"Sasa hapo umenijibu," akauliza, "ama umenifundisha?"

Mama mdogo alikuwa ametusikia. Alitoka jikoni akifuta mikono, akasema, "Kute ni kute. Na kukonda kule hakukuwa kwa kute pekee. Kuna mambo ya nyumba ya mumewe hayakumalizwa." Alimaanisha chira, ile laana inayomwangukia anayeruka mila, na kumnyausha kama mmea usio na maji.

"Mama mdogo," dada akamjibu, mpole lakini bila kuyumba, "chira haikupimwa kwenye kikopo. TB ilipimwa, na dawa imeiondoa. Hilo nimekubali. Ninalolikataa ni hili ambalo sijaelezwa."

Nililala siku hiyo nikiwa nimeamua. Miaka tisa nimechora jedwali lile lile, bakteria kushoto, virusi kulia, na wanafunzi wangu wamelinakili na kupata alama zao. Na sasa mtu aliyeacha shule ili mimi nisome alikuwa ameniuliza swali moja tu kutoka katika jedwali hilo, nami nimeshindwa. Nilijiapiza kwamba sitaondoka Kendu Bay kabla sijamjibu.

Asubuhi mama mdogo alitupeleka shambani kupalilia. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, lakini upande wa chini yalikuwa yamedumaa na majani yake kuwa na rangi ya njano. Chini yake kayongo ilikuwa imechipua, lile gugu lenye maua ya zambarau ambalo wakulima wa Homa Bay na Migori wanalijua kuliko wanavyowajua jirani zao. Magugu ya kawaida tuliyakata kwa jembe, tukayatupa juani yakauke. Kayongo mama mdogo aliing'oa kwa mkono, moja moja, kabla haijafunga mbegu.

"Hii kayongo," nilimuuliza, "umeanza kuing'oa lini?"

"Tangu nilipoolewa."

"Na haijaisha?"

"Itaisha vipi? Mbegu yake ni vumbi. Iko udongoni inasubiri. Ukipanda hindi, inaamka, inajishika kwenye mzizi wa hindi. Haichimbi chakula chake. Inanyonya hindi. Ukitaka kuiua chini huko, utaua hindi kwanza. Kwa hiyo nang'oa. Mwaka niking'oa navuna. Mwaka nisipong'oa, sivuni."

Dada alikuwa ameinama mistari miwili mbele yetu. Alinyooka. Alinigeukia taratibu, jembe mkononi.

"Mwalimu. Ni hivyo?"

"Ni hivyo nini?"

"Hiki cha ukimwi. Kimejishika kwenye mzizi wangu mwenyewe?"

Niliweka jembe chini. Nikajilazimisha kwenda polepole, bila neno la Kiingereza hata moja.

"Karibu na hivyo," nilisema. "Yule wa TB ni kama haya magugu mengine. Ana mwili wake, ana mizizi yake, anajilisha, anajizalia. Amekaa ndani yako, lakini yeye ni yeye na wewe ni wewe. Ukuta wake haufanani na chochote ulicho nacho mwilini. Ndiyo maana dawa inaweza kumbomolea ukuta wake isikuguse wewe. Akifa, ameisha."

"Na huyu mwingine?"

"Huyu mwingine hana mwili. Hana ukuta, hali, hapumui. Ni maagizo tu, maagizo ya kujitengeneza. Anaingia ndani ya seli yako, zile seli za kukulinda, na maagizo yake yanashonwa ndani ya maagizo yako mwenyewe. Kisha seli yako, bila kujua, inaanza kumtengeneza yeye. Dawa zako zinamzuia asitengenezwe tena na kuingia seli nyingine. Lakini zile seli ambazo tayari zina maagizo yake, nyingine zimelala tu, zinasubiri. Dawa haiwezi kuzitambua na kuziua, kwa sababu ni seli zako. Ni wewe."

Aliinama, akang'oa kayongo moja iliyokuwa miguuni pake. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kopo lile si dawa ya kumwua. Ni ya kumng'oa kabla hajafunga mbegu."

"Ndiyo."

"Na nikiacha kung'oa?"

"Anaamka. Na ukimeza leo ukaacha kesho, anajifunza kuishi na dawa, na siku utakayoitaka haitakusaidia."

Mama mdogo alikuwa ameacha kazi akitusikiliza. Mimi, kwa sababu ya ualimu wangu, sikuweza kuacha jambo likae vibaya. Nikaongeza kwamba mfano wa kayongo una kasoro, kwamba kayongo ni mmea, una seli zake kama hindi, na kirusi hakina hata moja.

"Hiyo kasoro waachie wanafunzi wako," dada akasema. Lakini alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu Februari.

Hakuridhika hapo, maana dada yangu akishafungua jambo halifungi. Tuliendelea kupalilia naye akaendelea kuuliza. Swali lake la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza.

"Ulisema antibiotiki ni za bakteria. TB ni bakteria. Mbona rangi mbili haikuniponya?"

Nikamweleza kwamba bakteria hawafanani, na kuta zao hazifanani. Yule wa TB amejipaka nta, dawa nyingi zinateleza juu yake. Pia anazaana polepole sana, mwingine analala, ndiyo sababu inahitajika dawa nne na miezi sita, si kidonge cha siku mbili. Kumeza antibiotiki nusunusu huwaua wanyonge tu, wenye nguvu wanabaki wanazaana.

"Na mafua? Mafua ni kirusi, si umesema? Mbona yanaisha yenyewe?"

"Kwa sababu kile cha mafua hakijishoni ndani ya maagizo yako. Kinapita. Mwili wako unakifukuza."

"Bila rangi mbili."

"Bila rangi mbili," nilisema, na nikamwambia ukweli kwamba nami nilizimeza mwezi wa Januari. Akasema kwamba basi hata mwalimu anapaswa kuchapwa.

Mchana huo, kabla ya kula, alimeza kidonge chake bila kusubiri jioni. Siku chache baadaye tulikuwa mbele ya tabibu. Niliogopa angegombezwa. Dada hakungoja aulizwe. Aliweka kopo mezani, akasema, "Niliacha wiki nne karibu. Sikujua kwa nini nameza. Sasa najua." Tabibu alimuuliza maswali, akamtoa damu ili ijulikane virusi vimepanda kiasi gani, akamwelekeza aendelee kumeza asubuhi na jioni. Majibu yalipotoka, virusi vilikuwa vimepanda. Tabibu alisema tusubiri, ameze bila kuruka, kisha apimwe tena baada ya miezi mitatu.

Ile miezi mitatu dada aliiendesha kwa ukali ambao nilikuwa nimeusahau. Kengele ya simu yake ililia saa moja asubuhi na saa moja jioni. Akiwa sokoni Uriri, alikokuwa ameanza kuuza mboga, amezungukwa na wateja, alimeza mbele yao. Mwanamke mmoja alimuuliza hiyo ni dawa ya nini. "Ni ya kunifanya niwe hapa mwakani," alijibu, na akaendelea kupima sukuma wiki.

Nami nilibadilisha somo. Muhula wa pili sikuanza na jedwali. Niliwaambia kidato cha pili kila mmoja aende nyumbani, amweleze mtu mzima asiyejua Kiingereza kwa nini TB ina mwisho na ukimwi una dawa ya kila siku, kisha arudi na maswali aliyoulizwa. Walicheka. Walidhani ni kazi rahisi. Siku iliyofuata walirudi wamenyamaza. Msichana mmoja alisema nyanya yake alimuuliza kama bakteria wote ni wabaya, na yeye hakujua la kusema. Nikamuuliza nyumbani kwao maziwa yanagandishwa na nini. Alifikiri, akasema "bakteria", kisha akaficha uso kwa daftari, darasa zima likacheka naye. Tulitumia vipindi vitatu kwa maswali ya nyumbani tu. Jedwali tulilichora mwishoni, wao wakinisomea.

Agosti dada alimaliza dawa za TB. Makohozi ya mwisho yalikuwa safi. Damu yake ilipopimwa tena, virusi havikuweza kuonekana kwenye kipimo. Tabibu alisisitiza maneno yake: havionekani, si kwamba havipo.

"Najua," dada akamkatiza. "Viko udongoni."

Tabibu hakuelewa, nami nikamwahidi kumweleza siku nyingine.

Nilidhani tungerudi nyumbani tukapike kuku. Yeye alisema twende Osiri. Nikasema hatarudi kuponda mawe, mapafu yake yamepata kovu, nimeyaona kwenye picha ya eksirei. "Siendi kuponda," alisema. "Kuna mtu kule."

Mtu mwenyewe alikuwa mwanamke mwenzake wa kuponda mawe. Tulimkuta mahali palepale alipokuwa ameketi na dada yangu miaka mitatu, chini ya kivuli cha turubai, nyundo mkononi, leso imefungwa puani. Alipomwona dada aliachia nyundo ikaanguka. Alikuwa amesikia kwamba dada amekufa. Kisha akaanza kukohoa, nami nikakijua kile kikohozi, mapumziko yake na pumzi inayotafutwa.

"Unameza nini?" dada alimuuliza.

"Rangi mbili."

"Mara ngapi?"

"Nimeshapoteza hesabu."

Wanawake wengine walikuwa wameacha kuponda. Dada alikaa chini kwenye changarawe kati yao, na nguo zake safi. Aliwaambia kuhusu kikopo, na mkojo wa rangi ya machungwa, na miezi sita. Kisha, bila kushusha sauti, aliwaambia kuhusu kopo jingine. Nilishtuka, maana hakuwa amewahi kulitaja hadharani. Wawili walitazamana. Mmoja aliuliza lile swali lenyewe, karibu kwa maneno yale yale: kama vyote ni vijidudu, mbona kimoja kina mwisho?

Dada hakunitazama. Alianza kuwaambia kuhusu kayongo.

Yule mwenzake alisema angekwenda hospitali wiki ijayo, akimaliza fungu lake la mawe. Dada alisimama, akachukua ile nyundo, akaiweka kando, akamshika mkono. "Leo," alisema. "Mawe hayaendi popote." Mwanamke alijaribu kubisha, kikohozi kikamkatiza. Tukaondoka watatu. Siku ya pili majibu yake yalitoka. TB, na hiyo nyingine hakuwa nayo. Alianza dawa siku hiyo, na mwaka huu Februari alimaliza.

Dada yangu sasa anaishi tena kwenye boma la mumewe, analima na kuuza mboga. Kliniki imemwomba akae na wagonjwa wapya siku za Jumanne, azungumze nao kwa Kijaluo kabla hawajapewa dawa, na anakwenda bila kukosa. Kila baada ya muda ananipigia simu na swali ambalo mgonjwa fulani amemuuliza. Juzi lilikuwa hili: kama kuna chanjo ya surua, na surua ni kirusi, kwa nini hakuna chanjo ya ukimwi?

Nilijua jibu kwa Kiingereza. Nilimwambia anipe hadi Jumapili.

"Jumapili saa ngapi?" akauliza.